Nilivyozipambanisha chipu tatu za DAC sebuleni kwangu

Napenda taarab asilia isikike nyumbani kama ilivyopigwa: ganuni ikidonolewa, fidla zikipokezana, mwimbaji akikaa mbele yao wote. Ndiyo maana nilitaka kujua kwa masikio yangu mwenyewe kama DAC, yaani chipu inayogeuza namba za CD kuwa umeme wa sauti, ndiyo inayoamua utamu wa muziki. Mafundi ninaowaheshimu huapa kwamba chipu za zamani za Philips hazijapata mrithi. Vijana wa hedifoni wao wanasema chipu za kisasa za kampuni ya ESS zimeshamaliza ubishi.

Nilikuwa na deki ya CD ya Philips ya miaka ya 1980, ya mtumba, yenye chipu ya TDA1541A. Nikaiwekea wapinzani wawili: bodi ndogo ya bei rahisi yenye PCM5102A ya Texas Instruments, na bodi nyingine yenye ES9038Q2M ya ESS.

Chipu hizi hazifanyi kazi kwa njia moja. TDA1541A ni ya biti 16 kamili. Kila sampuli, yaani namba moja inayopima sauti kwa nukta moja ya wakati, inapofika, mikondo ya umeme, kila mmoja nusu ya uliotangulia, inawashwa au kuzimwa, kisha inajumlishwa. Ugumu uko kwenye usahihi. Biti 16 ni ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti, na mkondo mkubwa kuliko yote ukipotoka kwa sehemu moja tu ya elfu, ngazi ndogo kabisa zinamezwa. Philips waliubuni ujanja wa kuizungusha mikondo hiyo kwa zamu, bila kukoma, ili makosa yao yafutane, na ndiyo sababu utaikuta chipu hiyo imezungukwa na kapasita (vihifadhi vidogo vya umeme) 14 za kulainisha. Inadai pia umeme wa aina tatu: volti 5, hasi 5 na hasi 15. Ni kazi ya uhandisi ninayoivulia kofia mpaka leo.

Mbili za kisasa ni za delta-sigma. Zinapandisha kasi ya sampuli hadi mamilioni kwa sekunde, zinatumia ngazi chache tu, na kelele inayozaliwa humo inasukumwa juu mahali sikio lisipofika, ikakatwe na kichujio. PCM5102A inaridhika na volti 3.3 peke yake. Umeme hasi inajitengenezea ndani, kwa hiyo haihitaji kapasita kwenye njia ya sauti. Kwa takwimu za watengenezaji, masafa kati ya sauti kubwa na kelele ni desibeli 112 kwa PCM5102A na 129 kwa ES9038Q2M. Tofauti hiyo inauza sana dukani, lakini CD yenyewe, kwa biti zake 16, haifiki hata desibeli 100. Zote mbili zina nafasi kubwa kuliko kilichomo kwenye diski.

Deki ile ina tundu la dijitali nyuma. Nikatoa waya humo, nikaupitisha kwenye kigawanyio, ukalisha bodi zote mbili. Kwa hiyo CD moja ilikuwa inachezwa kwa chipu tatu kwa wakati mmoja, nami nachagua kwa swichi ya amplifaya.

Kazi iliyonichukua muda ni kusawazisha sauti, na hapa ndipo ninapoomba kila mtu anayetaka kulinganisha vifaa atulie. Nilichoma CD yenye mlio mmoja wa hezi 400, kwa sababu mita za kawaida za fundi hupima vizuri umeme wa AC wa masafa ya chini na hudanganya ukipanda juu. Deki ilitoa volti 2.0, PCM5102A 2.1, bodi ya ESS 2.4. Hiyo 2.4 dhidi ya 2.0 ni desibeli 1.6. Sikio halitakuambia kwamba sauti imeongezeka. Litakuambia kwamba muziki umefunguka, besi imejaa, mwimbaji amesogea karibu. Kabla ya kusawazisha, ESS ilishinda kirahisi kila mara. Nikaweka volyumu ndogo za kurekebisha kwenye kila chaneli, nikazishusha zote hadi volti 1.90, nikipima waya zikiwa zimechomekwa kwenye amplifaya, maana mzigo unabadilisha kipimo.

Usiku barabara ilipotulia, mpwa wangu akawa anaokota vikaratasi vyenye namba na kugeuza swichi, mimi nimeelekea ukutani. Kisha tukabadilishana. Majibu yaliandikwa daftarini bila kuambiana.

Ushindi wa ESS ukayeyuka. Kati yake na PCM5102A, kwenye spika zangu, sikuweza kutaja ipi ni ipi, na mpwa wangu mwenye masikio ya ujana hakuweza pia. TDA1541A tuliitambua kwa hedifoni tu, sauti ikiwa juu, pale mlio wa mwisho wa ganuni unapofifia: mkia wake ulikuwa na ukwaru kidogo. Wimbo ukichanganya, hakuna.

Kilichojitenga waziwazi hakikuwa chipu. Bodi ya ESS ilipolishwa na chaja ya simu, ilileta mvumo chini ya muziki. Nilipoipa transfoma na rektifaya yenye regyuleta, yaani umeme uliosafishwa na kutulizwa, mvumo ukaisha. La pili ni kichujio. Ndani ya deki kuna chipu ya kichujio, SAA7220, inayozidisha sampuli mara nne kabla hazijafika TDA1541A. Wapo wanaoiruka wakidai sauti inakuwa ya asili zaidi, nami nikaijaribu njia hiyo. Mpwa wangu akasema papo hapo, “Mjomba, hiyo ndiyo ile iliyofunikwa na shuka.” Hesabu inamuunga mkono: bila kuzidisha, mlio wa hezi 10,000 unashuka kwa desibeli 0.75, na wa 20,000 kwa zaidi ya desibeli 3. Fidla zinalainika, na anayesumbuliwa na CD zenye ukali anaweza kupenda hivyo. Mimi nazitaka fidla zangu na makali yake.

SAA7220 nimeirudisha kazini. Sebuleni inapiga PCM5102A kwa umeme wa transfoma, deki ikisoma diski tu, na ES9038Q2M amechukua mpwa wangu kwa ajili ya hedifoni zake. Ninayoitaka sasa ni AK4493 ya AKM, kampuni ambayo kiwanda chake cha Nobeoka, Japani, kiliungua Oktoba 2020 na chipu zake zikaadimika. Ikifika, itaanza na mlio ule ule wa hezi 400 na mita mezani.