tsearch inaandika hata pale unapodhani inasoma tu

Wiki iliyopita yote nimeshinda na bagi moja na naiandika hapa ili mwenzangu asikeshe kama nilivyokesha mimi. Tuna programu ya C inayopokea meseji, ina thredi nane (njia za kazi zinazokwenda kwa wakati mmoja ndani ya programu moja), na zote zinatumia mti mmoja wa namba za simu, yaani data iliyopangwa kwa matawi ili kutafuta kuwe haraka. Mti wenyewe hatukuutengeneza, tunatumia tsearch (inatafuta, isipopata inaongeza) na ndugu zake tfind (inatafuta tu), tdelete (inafuta) na twalk (inapitia mti mzima), ziko kwenye search.h, huinstoli kitu.

Mti tumeufunga kwa pthread_rwlock, lile kufuli linaloruhusu wasomaji wengi kwa pamoja ila mwandishi mmoja tu. Sasa kuna sehemu tunajibu namba ambayo lazima iwe imeshasajiliwa, nikaita tsearch nikiwa na kufuli la kusoma, nikijua namba ipo kwa hiyo hakuna kitakachoongezwa. Programu ikawa inakufa kila baada ya siku mbili tatu, tena mzigo ukiwa mkubwa, ukifungua kore (picha ya kumbukumbu inayobaki programu ikifa) unakuta imeangukia ndani ya tsearch, pointa (anwani) ya nodi, yaani kituo kimoja cha mti, inaelekea kusikojulikana.

Nikaenda kusoma sosi kodi ya glibc, maktaba ya C ya Linux ambamo tsearch yetu inatoka. Mti wake ni ule wa nodi nyekundu na nyeusi, rangi ndizo zinazouzuia usielemee upande mmoja, na tsearch inabadilisha rangi na kuzungusha matawi HUKU INASHUKA, kabla haijajua kama ufunguo (kwetu ni namba ya simu) upo au haupo. Yaani namba ipo, umeipata, lakini njiani imeshagusa nodi ambazo thredi nyingine inazipitia sekunde hiyohiyo.

Kwa hiyo kusoma ni tfind tu, yenyewe haibadilishi chochote. Ikirudisha NULL (yaani haikupata) na unataka kuongeza, achia kufuli la kusoma, chukua la kuandika, ndo uite tsearch. Hapo katikati thredi nyingine inaweza kukuwahi, basi tsearch itakurudishia nodi ya yule aliyetangulia, linganisha pointa iliyomo na ya kwako, zikitofautiana ya kwako ifanyie free, yaani achia kumbukumbu yake.

Na kinachorudi sio data yako, ni pointa ya nodi, data unaitoa hivi: *(struct mteja **)p. Itoe kabla hujaachia kufuli, na hiyo pointa ya nodi usikae nayo, maana tdelete ya glibc inaweza kuhamishia ufunguo wa nodi moja kwenye nyingine halafu ikaifuta ile ya kwanza. Data nayo usiifanyie free wakati kuna thredi bado inaishika, sisi tumeweka kaunta ndani ya struct, inahesabu thredi zinazoishika.

Twalk nayo ilitusumbua, haina pa kupitishia data yako kwahiyo watu wanaishia kwenye globo (kigeu kinachoonekana na programu nzima), na thredi zikiwa nyingi globo ni balaa. Kama una glibc 2.30 ya 2019 kupanda, tumia twalk_r, ina hiyo nafasi. Kuna mtu aliniuliza kama prosesi mbili zinaweza kushea mti huu kwa mmap (kumbukumbu ya kushirikiana), haiwezekani, nodi zinatoka kwa malloc (kigawa kumbukumbu) ya prosesi husika, mwenzake hazioni.

Tangu nibadilishe ule mstari mmoja kuwa tfind, ni siku ya tisa leo, haijaanguka.