Kibati cha Bibi Zainabu kimeshika

Wiki ya sita tangu nianze kuvipa vifaa vya jikoni majina ya wazee wetu, na leo jina la jiko limekaa! Tumepika pilau ya sufuria kubwa, tumekaanga samaki, jiko limesuguliwa kwa maji ya moto, na kibati hakijatikisika.

Blenda haikunipa taabu. Imechukua jina la Bi Mwanaidi, dada yake bibi, aliyekuwa akitwanga viungo vya mtaa mzima. Kazi ilikuwa jiko la gesi. Nilishaamua litakuwa somo wa Bibi Zainabu. Watoto saba wamesoma kwa vitumbua vyake hapa Tanga, na katika wajukuu wote hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Karatasi na selotepu vilibanduka kwa mvuke siku ya pili. Nikaandika kwa rangi ya mafuta, nikaacha ikauke siku tatu. Stilwaya ikala nusu, likabaki "Bibi Zai". Nikaona aibu kama nimemkosea mwenyewe. Kisha kibati cha alminiamu kwa supa gluu. Kilikaa siku tisa, nikatamba, siku ya kumi kikadondokea kwenye mchuzi. Gundi ile ikifika nyuzi 80 hivi inaanza kulegea, na pale karibu na plate joto linapita hapo kwa mbali.

Dawa ni ribiti, pini ya kubana bati mbili pamoja. Nilikuwa naiogopa kwa sababu nyuma ya uso wa jiko linapita bomba la gesi. Nikautenganisha mtungi na jiko nikautoa nje, nikalipindua jiko, nikaona kona ya kulia iko wazi. Gonga alama kwa msumari kwanza, la sivyo ncha ya drili inateleza na kuchubua bati. Tundu la milimita 3.3, ribiti ya 3.2. Niliporudisha mtungi nikapaka povu la sabuni kwenye viungio vyote, hakuna kiputo.

Herufi nimegongewa na fundi bati kwa punchi, juu ya kipande cha reli anachokitumia kama fuawe. Sitarudia kuandika kwa brashi. Herufi ya punchi unaisoma hata kwa kidole.

Wiki hii ilikuwa zamu ya friji, jina la babu mzaa baba. Mama akanizuia: "Mwanangu, baba mkwe wangu sijamtamka jina tangu niolewe. Nianze leo kwa kutafuta maji baridi?" Ana haki. Friji inasubiri tupate jina la upande wa mama.

Kutafuta ribiti zilizobaki nikaikuta stoo mbuzi ya Bibi Zainabu yenyewe. Meno yameliwa na kutu, lakini kiti kimelainika kwa miaka ya kukaliwa, na ubao wa mbele bado una weusi wa mafuta ya nazi. Nimeacha kila kitu. Niko barazani na tupa, nimeshanoa meno manne.