Cheo Kilichomeza Saa Zangu

Nilipoajiriwa miaka minne iliyopita, kampuni yetu ilikuwa na watu 6, vyumba viwili vya kupanga karibu na Mafiati hapa Mbeya, na meza moja ambayo mchana ilikuwa ya chakula. Kazi yetu, tangu siku hiyo hadi leo, ni kuwaunganisha wakulima wa parachichi wa Rungwe na wanunuzi kwa njia ya simu: mkulima huandikishwa, mzigo wake hupangiwa gari, na fedha zake huingia kwenye simu yake. Sasa tumepita watu 40, lakini kazi imeongezeka kuliko watu, na hilo wageni wanaokuja kutupongeza hawalioni.

Parachichi aina ya Hass halilainiki likiwa mtini. Huanza kuiva baada ya kuchumwa, na likishachumwa halimsubiri mtu. Kwa sababu hiyo, lori likikwama kwenye utelezi upande wa Tukuyu saa tano usiku, anayepigiwa simu ni mimi, na mkulima asiyeona malipo yake alfajiri huanza na mimi kabla hajapiga mswaki. Julai iliyopita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza hadi vidole vinakataa kuandika, nilikaa ofisini na koti langu usiku kumi na mmoja mfululizo nikilinganisha uzito wa shambani na uzito wa ghalani. Sitadanganya: msimu wa kwanza niliyapenda maisha hayo, kwa kuwa tulikuwa wachache na kila tulichokifanya kilionekana.

Kilichobadilika ni cheo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na inataka saa za ziada zifanywe kwa makubaliano, zisizidi 50 katika wiki 4, tena zilipwe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Nilipofanywa msimamizi wa usafirishaji, nikiwa na vijana 11 chini yangu na mkurugenzi juu yangu, tulichinja kuku nyumbani. Nilipokuja kuulizia malipo ya zile siku za Julai, niliambiwa kwa upole kwamba anayewasimamia wenzake na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu haguswi na vifungu vya saa za kazi. Nilikwenda kusoma mwenyewe, nikakuta ndivyo kilivyoandikwa. Nyongeza ya mshahara ilikuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Malipo ya saa za ziada niliyokuwa nikiyapata kabla ya cheo, msimu ukichanganya, yalikuwa yakiizidi.

Likizo, hata hivyo, iko katika sehemu nyingine ya sheria hiyo, nayo haikuondoka na cheo: siku 28 mfululizo kwa mwaka. Sikuwa nimeikumbuka hadi mama aliponipigia simu kutoka Rungwe, ambako miti yake 14 imeandikishwa kwenye mfumo wetu. «Mwanangu,» aliniambia, «hela ya parachichi zangu inafika siku ileile. Wewe mwenyewe huu ni mwaka wa pili hujafika.» Kutoka Mbeya hadi kwake ni safari ya asubuhi moja.

Barua ya likizo niliipeleka Jumatatu. Mkurugenzi aliisoma akiwa amesimama, kisha akaniuliza simu ya kazi nitamwachia nani. Nilimtajia kijana mmoja wa ghalani, hodari, ambaye bado hana cheo, na ambaye kwa hiyo kila saa atakayoifanya baada ya zile 45 itabidi ilipwe. Aliiweka barua mezani, akasema tutazungumza.