Nani Anayeombwa Ushahidi

Kazi yenyewe ilikuwa ya kurasa mbili tu. Muhula wangu wa kwanza hapa Hamburg, Ujerumani, mwalimu wa semina alitutaka tuandike, bila kufungua kitabu, tunamwona mtu gani tukisikia kwamba fulani ni mfeministi, mtetezi wa haki za wanawake. Wenzangu waliandika habari za mama zao, wengine za wanasiasa. Mie niliandika nilichokiona: mwanamke wa makamo, hana mume au anaye asiyesema kitu, ana gari la mradi na dereva wake, kaja kwetu Pemba kwa boti kufanya semina na kesho anarudi zake Unguja posho ikishagawiwa. Anasema sana. Hapiki.

Mwalimu hakusahihisha kitu. Aliandika pembeni: "Umemjulia wapi?"

Swali lilinikera, maana sikuwa nimemjulia popote. Mtu yule nilimuokota vipande vipande. Kipande barazani, kipande kwenye mawaidha, kipande kwenye vichekesho vya runinga za Bara. Kipande kikubwa kilitoka Beijing. Kwa asiyekumbuka, mkutano wa nne wa dunia wa wanawake ulifanyika Beijing Septemba 1995, na katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania mwenzetu, Gertrude Mongella wa Ukerewe. Badala ya kujivunia, tukaufanya mkutano ule tusi. Mke akimjibu mumewe, "huyo kashaingia Beijing." Msichana akimkataa mchumba, Beijing hiyo. Mie nimezaliwa mkutano umeshakwisha zamani, na kwa miaka mingi ya utoto nilidhani Beijing ni maradhi yanayowapata wanawake wa mjini.

Wenzangu nao walikuwa na mtu wao waliyemuumba hivyo hivyo, na mtu huyo alikuwa mie. Kijana mmoja mpole sana tunayeishi naye hosteli aliniuliza jikoni kama baba aliniruhusu kuja kusoma. Nikamwambia baba hakuulizwa. Yeye na mama waliachana mie mdogo. Aliyeulizwa ni bibi, na bibi alitaka kujua kitu kimoja tu, kama baridi ya huko inaua. Nauli ilitoka kwa mama na wadogo zake, wanaolima mwani Kiuyu. Kijana akanisikiliza kama anayesimuliwa habari za vita. Hakuna vita hapo. Wilaya nzima ya Micheweni imejaa nyumba za namna hiyo.

Kwa Mzanzibari, Hamburg ina jambo lake. Katika makaburi ya Ohlsdorf amezikwa Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, Seyyid Said, aliyeondoka Unguja 1866, akabatizwa Aden, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kuitwa Emily Ruete. Nilikwenda kuliona kaburi na dada mmoja wa Kiunguja, muuguzi hapa kwa miaka mingi, ambaye ndiye anayenilisha mwezi ukifika ukingoni. Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Baba yake alipofariki 1856 alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na fungu lake la urithi akapewa, shamba likiwamo. Huku Hamburg mumewe alikufa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, na alipodai urithi, wenye mamlaka wakamkatalia. Kumbukumbu zake zilipotoka 1886 aliwaambia Wajerumani waziwazi kwamba wanazungumza habari za wanawake wa mashariki wasiowajua.

Nilizifanya habari hizi silaha, na silaha ikazaa silaha. Mke wa Kiingereza alikuwa hana mali yake mwenyewe kamili mpaka sheria ya 1882, wakati wanawake wa Unguja walishamiliki mashamba kwa majina yao. Sheria ya Ujerumani Magharibi, mpaka 1977, ilimwekea mke kazi za nyumba na kumruhusu kuajiriwa ilimradi ajira isigongane na wajibu wake kwa mume na watoto. Wanawake wa Uswisi walipata kura ya taifa 1971. Wa Zanzibar walikuwa wameshapanga foleni na mabuibui yao Januari 1961. Nikayamwaga yote darasani siku moja. Yule kijana wa hosteli alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

Jioni nikamsimulia dada huku tukila urojo wake wa kujilazimisha, wenye ndimu za chupa. Akacheka, akasema, "Umewapiga vizuri. Na lile shamba la babu yako kule Mtambwe, fungu la mama yako linachumwa na nani?"

Linachumwa na mjomba. Babu alipofariki aliacha mikarafuu, na hesabu ya mirathi kila mtu anaijua: binti ana nusu ya fungu la kaka yake. Mikarafuu haikugawiwa. Msimu ukifika mjomba hukodi wachumaji na kuwalipa kwa pishi. Mama na wadogo zake hukaa usiku ukumbini kwa mwanga wa taa, rundo katikati, wanachambua karafuu na makonyo, vile vikonyo vyake, mpaka vidole vinakuwa rangi ya chai na nyumba nzima inanukia hata huwezi kulala. Asubuhi zinaanikwa kwenye majamvi. Zikikauka, magunia hupakiwa kwenda kituoni kupimwa, na wiki ile ile mjomba huja kumsalimia mama na bahasha na doti ya kanga. Hakuna anayejua zilipimwa kilo ngapi. Kanga lakini huwa nzuri, sitamdhulumu mjomba kwa hilo.

Majibu yakanijia upesi mno. Mjomba ana watoto wengi, mjomba ndiye anayepalilia, mama mwenyewe hajalalamika. Dada akaniacha nimalize. "Yote hayo ya mjomba unayo mkononi," akasema. "Angekuwa Mjerumani anayekula fungu la dada yake ungemtafutia sababu hata moja?"

Sikulala vizuri, na aliyenikosesha usingizi si mjomba, ni mama mdogo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989, na tangu hapo wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mama mdogo ameingia baharini tangu usichana wake. Bamvua likifika anafuata maji yanavyotoka, anapigilia vijiti, anavuta kamba, anafunga mbegu mojamoja kwa taitai, vile vikamba vyembamba, mgongo umepinda na maji ya magotini yamepata moto wa jua. Anavuna baada ya wiki sita hivi, anaanika, na kilo saba au nane mbichi zinakauka kuwa moja. Kilo hiyo kwa miaka mingi alilipwa shilingi mia chache. (Juzi dukani hapa niligeuza kopo la krimu ya maziwa nikasoma: carrageen, E 407. Hutolewa kwenye mwani, na kazi yake ni kuizuia krimu ya Wajerumani isijitenge.) Kwa pesa za namna hiyo alinunua saruji na bati za nyumba waliyojenga na mumewe. Kiwanja kilikuwa cha mume.

Alipoachwa, mume alisema mbele ya kadhi, "nyumba yangu." Maneno mawili yakatosha. Mama mdogo aliulizwa risiti, akaulizwa mashahidi. Kabla hata ya kadhi, sie wa nyumbani tulishamuuliza ni aya gani inayompa mke nusu ya nyumba. Wala hakuwa ameomba nusu. Aliomba thamani ya bati. Hilo halikusikika kabisa, maana tulishajitayarisha kumjibu aliyeomba nusu. Na risiti angeipata wapi? Saruji ilikuja mfuko mmojammoja, kila alipouza mwani, akimtuma mwanawe dukani na noti kaikunja kiganjani. Muuza duka gani anamwandikia mtoto wa miaka tisa risiti? Alitoka na kitanda, kabati na masufuria.

Muhula wa pili tulisoma kesi moja ya Marekani ambayo mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliiandikia makala mwaka 1989. Wanawake weusi watano waliishitaki kampuni ya General Motors. Kampuni haikuwa ikiajiri wanawake weusi kabla ya 1964, kisha kazi zilipopungua ikawapunguza walioingia mwisho, na walioingia mwisho bila shaka ni wao. Mahakama mwaka 1976 ikawaambia wachague: washitaki kama wanawake au kama weusi, viwili pamoja haviwezekani. Na kama wanawake, mbona kampuni iliajiri wanawake? Iliajiri kweli, weupe. Darasa zima lilikuwa linajadili nadharia, mie namwona mama mdogo amekaa kwenye benchi na kabati lake. Unaombwa ushahidi wa sura ambayo maisha yako hayautoi, kisha unaambiwa huna ushahidi.

Tangu hapo nimeacha kujiuliza kama nawapenda wafeministi au siwapendi. Naangalia namuuliza nani nini. Mume akichukua pesa ya mwani ya mkewe kulipia pikipiki, sijapata kumsikia mtu Kiuyu akimuuliza aya. Mke akizitaka zirudi, baraza zima linageuka kuwa la wanavyuoni. Na aya ipo, tena si ya kutafutwa kwa taa, katika Surat an-Nisaa: wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Siku ya kesi ya mama mdogo hakuna aliyeisoma. Hata mie, niliyeihifadhi.

Wajerumani wana mizani yao na nayo ina mawe mawili. Mume mwenyeji akimuua mkewe, magazeti kwa miaka mingi yaliandika mkasa wa kifamilia, kama kwamba nyumba iliangushwa na upepo. Akiwa mgeni, unaandikwa utamaduni wake, na kesho yake mwenye ushungi kwenye basi anatazamwa kama ana maelezo ya kutoa. Haya nayasema darasani bila woga. Ila sasa nikiyasema nakumbuka lile shamba la Mtambwe, na sauti inashuka kidogo.

Walitupa pia kile kipimo cha kompyuta kilichobuniwa na wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1998, unabonyeza haraka kuoanisha majina ya kike na ya kiume na maneno ya kazi au ya nyumbani. Nikaambiwa akili yangu inawaunganisha wanaume na kazi kwa nguvu sana. Mie, niliyesomeshwa na wanawake waliolowa mpaka kiunoni! Siamini sana kipimo hicho. Ukikirudia kinaweza kukupa jibu jingine, na wataalamu wenyewe wanabishana kinapima nini hasa. Lakini nacheka peke yangu nikikumbuka kwamba jina la mama yangu, lingekuwamo, huenda ningelibonyezea upande wa jikoni.

Msimu ulipokaribia nikampigia mjomba. Shikamoo, marhaba, habari za huko, baridi ya huko, yote yakapita. Nikamwomba mwaka huu anitumie hesabu: zimepimwa kilo ngapi, na fungu la mama ni lipi.

"Nani kakutuma, mwanangu?"

"Hakuna, mjomba."

"Mama yako?"

"Hajui."

"Basi ni hiyo Ulaya."

Nikamtajia aya ya 11 ya Surat an-Nisaa. Akaisoma yote, kwa tajuwidi nzuri kuliko yangu, akaifikisha mwisho wake, akasema hiyo anaijua tangu chuoni na hajawahi kuikana. Kwani karafuu zimepotea? Si zipo nyumbani?

Habari zilimfikia mama kabla ya magharibi. Sijamsikia amekasirika hivyo tangu nilipokuwa mtoto. "Unataka nikose ndugu?" akaniuliza. "Siku niliyoachwa, nani aliyekuja na gari la ng'ombe kubeba vyombo vyangu? Kadhi? Huyo mwalimu wako wa Kizungu?" Mama hajasahau kilo zake hata moja, nimeligundua hilo siku ile, maana alinitajia misimu mizuri na mibovu kwa mpangilio. Anaziacha kwa kaka kwa hesabu yake: akiugua, akizeeka, mie nikiishia huku huku, kuna mlango atakaobisha bila kuomba radhi. Nadharia zote nilizosoma zinamwita mtu aliyedhulumiwa, na amedhulumiwa. Lakini hakuna hata moja iliyoniambia nani atakwenda na gari la ng'ombe.

Nilimwambia kumchukua dada aliyeachwa ni wajibu wa kaka, hakulipiwi kwa karafuu. Akanyamaza, kisha akasema si maneno ya simu hayo, niende nikamwambie mwenyewe uso kwa uso. Nimekata tikiti ya Disemba. Sharti la mama ni moja tu, nisianze maneno yangu mjomba hajala.