Siku moja maishani mwangu: mama aliyeambiwa ni "mbebaji"

Saa 12:00 asubuhi. Nipo kwenye daladala inayotoka Igoma kwenda mjini, hapa Mwanza. Mvua ya usiku imeacha baridi, na baridi huwaamshia maumivu wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Leo benchi la kliniki litajaa.

Saa 1:30. Limejaa kweli. Folik asidi, penisilini kwa walio chini ya miaka 5, dozi ya haidroksiyurea, dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu, kwa uzito wa kila mtoto. Hiyo ndiyo kazi yangu ya uuguzi ya kila wiki.

Saa 3:00. Anaingia mama na mtoto wa miezi 9, viganja na nyayo vimevimba, ukimgusa analia. Baba yuko nyuma yao, kimya. Himoglobini ya utotoni, protini ya damu tunayoiita F, humkinga mtoto miezi ya mwanzo; ikipungua, ndipo selimundu hujitokeza hivi. Mama anafungua kanga, anatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ni majibu yake mwenyewe ya kipimo cha selimundu aliyopewa kwenye zahanati: "Siklingi: chanya."

"Sista, kumbe na mimi ninaumwa? Waliniambia mimi ni mbebaji. Mama mkwe anasema nimeuleta ugonjwa kwenye ukoo wao."

Karatasi hizi zinaniumiza. Kipimo kile huonyesha kwamba S, himoglobini ya selimundu, ipo kwenye damu, basi; hakitofautishi mwenye jeni moja ya S na mwenye mbili. Na neno "mbebaji", mtu akiachiwa hivi hivi, anasikia mzigo, au vijidudu anavyoambukiza wenzake. Kitaalamu ni heterozaigoti: mtu aliyerithi jeni mbili zisizofanana, A, ya kawaida, kwa mzazi mmoja na S kwa mwingine. Ndiyo AS. Kuna wanaosema "nusu mgonjwa", na hilo nalikataa kabisa.

Nawatoa damu wote watatu.

Saa 5:30. Maabara. Umeme umeshasukuma sampuli kwenye utepe, rangi nyekundu imeshika. Ya mama ina mistari miwili: A imetangulia mbele, nene, S imebaki nyuma, nyembamba kidogo. Ya mtoto ina S na F, A haipo. Ya baba narudia kuitazama: mistari miwili, sawasawa na ya mkewe.

Saa 7:00. Chai na chapati, nimesimama.

Saa 8:00. Namwaga mezani maharage mekundu na meupe. Nawapa kila mmoja mawili, jekundu A, jeupe S. "Kila mzazi atoe moja bila kuangalia." Wanatoa, tunarudia. Meupe yakikutana, ni SS, mtoto kama wenu. Nafasi yake ni moja kati ya nne, na kila mimba huanza upya; huyu wa kwanza hamalizi zamu ya wengine.

Baba anageuza harage jeupe kwenye kiganja. "Kwa hiyo na mimi nilitoa?"

"Ndiyo, baba. Bila lako hakuna SS."

Anauliza mbona jeni hii imejaa Kanda ya Ziwa. Namwambia: mwenye AS ana kinga kubwa zaidi dhidi ya malaria kali. Mwaka 1954 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wa hilo kutoka Afrika Mashariki. Pale mbu walipozidi, S ilibaki. Ila namsisitizia chandarua: mtoto mwenye SS hana kinga hiyo, malaria kwake ni hatari kubwa.

Saa 9:40. Mtoto amelala, dawa ya maumivu imeshika. Mama ananirudishia ile karatasi, anaomba niandike nyuma yake kitu cha kumsomea mama mkwe. Naandika kwa herufi kubwa: "AS. Ana jeni moja ya selimundu. Haumwi, haambukizi." Baba anaichukua, anaiweka juu ya goti.

"Sista, ongeza mstari. Andika na mimi ninayo."