Tiki moja ya kijivu

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania nzima. Mimi niko Dar, mdogo wangu yuko chuo Mwanza. Ujumbe wangu, "Uko salama?", ulibaki na tiki moja ya kijivu. VPN, ile programu ya kufungua mitandao iliyofungiwa, niliyoizoea tangu mtandao wa X (zamani Twitter) ulipofungiwa mwezi Mei, haikufua dafu. Bando lipo, mtandao hakuna! Mama kila akimaliza kuswali ananiuliza, "Amejibu?" Nageuza uso. Wanasema ni kwa ajili ya usalama. Usalama wa nani, kama mama hajui mwanawe yuko hai?

Novemba 3 simu ikaanza kutetemeka mezani, meseji za siku tano zikamiminika kwa mkupuo. Ya kwake: "Niko ndani, dada. Mwambie mama ale." Mama alilia.