Viti vitupu vya Frank

Jana usiku nimeirudia The Rocky Horror Picture Show, na tangu asubuhi mawazo yangu yamekwama kwenye dakika zake za mwisho. Wengi wakiitaja filamu hii ya 1975 hukumbuka ngoma ya mwanzoni, soksi za wavu na vicheko. Mimi hunishika pale kicheko kinapokatika.

Kwa asiyeiona: Frank-N-Furter, anayechezwa na Tim Curry, ni mwanasayansi kutoka sayari nyingine, mwanamume wa koseti (vazi la kubana kiuno) na visigino virefu, aliyejiundia kijana wa misuli, Rocky, maabarani mwake. Mwishoni anawavisha mateka wake vilevile alivyovaa yeye, koseti na manyoya shingoni, anawapandisha jukwaani. Nyuma yao umesimama mnara wa RKO, kampuni iliyotoa filamu ya King Kong mwaka 1933. Wanaimba, wanajitosa bwawani. Mara watumishi wake, Riff Raff na Magenta, wanaingia na silaha. Utawala wako umekwisha, wanamwambia, tunarudi kwetu.

Frank anaomba ajieleze, na kujieleza kwake ni wimbo. Wanja umemchuruzika mashavuni, rangi ya midomo imechafuka, naye anaimba kwa upole ambao hakuwahi kuuonyesha filamu nzima. Ghafla ukumbi umejaa watu, wanampigia makofi. Kisha tunaviona viti vilevile, vitupu. Hapakuwa na mtu. Nimerudisha nyuma mara tatu nimtazame uso tu.

Na bado hajaambiwa lililo baya zaidi: ile “tunarudi” haimhusu yeye. Columbia, mmoja wa wale waliovalishwa koseti, anapiga yowe, anauawa wa kwanza. Frank anafuata. Rocky anambeba maiti mgongoni na kuukwea mnara huku miale ikimpiga, kama yule sokwe Kong, mpaka mnara unaanguka bwawani nao. Mnara wenyewe unaonekana wazi kuwa ni wa maigizo, na mimi nalia. Magenta anamuuliza Riff Raff: si ulikuwa unawapenda, nao walikupenda? Anajibu kwa ukelele kwamba hawakumpenda kamwe.

Simtetei Frank. Alimuua Eddie, mpenzi wa Columbia, kwa shoka, na wageni wake aliwahadaa kitandani. Lakini muuaji wake naye anaua kwa njaa ileile ya kupendwa, na ndiyo maana siwezi kushangilia haki imetendeka. Brad na Janet, wale wachumba wageni, wanaachwa wakitambaa kwenye ukungu, koseti zingali mwilini. (Wimbo wao wa hapo ulikatwa kwenye nakala ya kwanza ya Marekani. Kwangu huo ni upungufu mkubwa, maana ndiko tunakosikia walivyoumia.)

Ilipotoka, filamu haikupata watazamaji. Kisha Aprili 1976 ukumbi wa Waverly, New York, ukaanza kuionyesha saa sita za usiku, na watu wakarudi wiki baada ya wiki. Wakaanza kuijibu skrini kwa sauti. Wakaja wamevaa koseti zao na wanja wao, wakaigiza mbele ya skrini mstari kwa mstari. Nafikiria usiku mmojawapo wa hizo, wimbo ule umefika, Frank ananyoosha mikono kuelekea viti vyake vitupu, na upande wa pili wa skrini hakuna hata kiti kimoja kisicho na mtu.